Mtanga Mara Saba

Nilipofika Kiwayu walikuwa wamekwisha kumzika Zuena. Mashini ya mashua ilituzimikia njiani, tukakaa majini kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, nahodha akiipiga kwa spana na kuitukana, na mimi nimekaa na shuka langu kichwani nikijua kwamba mwenzangu anatolewa nyumbani bila mimi kumwona uso. Sikulia. Watu wa nyumba yangu wamezoea kwamba silii, na wajukuu zangu husema Bibi ana moyo wa jiwe la kusagia. Waache waseme. Niliingia kwa mlango wa uani, kama anavyoingia mtu wa nyumbani, na kitu cha kwanza kilichonipokea hakikuwa mtu. Kilikuwa lile bamba la chuma. Limewekwa juu ya mafiga chini ya kibanda cha makuti, jeusi, lang'aa, na wanawake wawili wanamimina juu yake mikate ya maji ya watu wa matanga. Nilikuwa sijaliona kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini mtu hasahau kovu lake. Mwanaidi, binti yake Zuena, akanijia, akalia begani mwangu, kisha akanitandikia mkeka penye kivuli. Penye kivuli palikuwa mbele ya bamba. Nikaugeuza ule mkeka, nikakaa nikalipa mgongo, na siku tatu zote za matanga nilikaa hivyo, moto wake ukinichoma mgongoni. Watu walidhani ni baridi ya uzee.

Habari za ukoo wetu wanazijua wenye kuzitaka, sitaziandika hapa. Nataka kuandika mwaka mmoja tu. Ulikuwa katika ile miaka ya hamsini, Mwingereza angali yuko, na mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, hakuna aliyeandika. Nilipelekwa Faza kukaa kwa shangazi yangu, Bi Tima, nijifunze mkono wa mkate. Nyumba yake ilikuwa ya mawe na ya zamani, chokaa imebanduka, na chumba chetu mimi na Zuena binti yake kilikuwa cha nyuma, kitanda kimoja cha kamba, sanduku moja, na zidaka ziwili ukutani alimoweka Zuena kitana chake, ubao wake wa chuoni, na mabua ya kuchezea aliyokwisha kuyapita umri lakini hakuyatupa. Tulikuwa hirimu moja. Mimi nilikuwa mtu wa kimya, naye alikuwa mtu wa maskhara, hata akiumwa na jino alikuwa akilifanyia maskhara jino. Usiku alinitupia mguu tumboni, nikiuondoa aurudisha, akisema mguu huo si wake, ni wa kitanda.

Kazi ya nyumba hiyo ilikuwa mkate. Bi Tima alimimina mikate ya maji, ya mtama na ya unga wa ngano, kuanzia watu watokapo kusali alfajiri mpaka jua lipande, na watu walikuja na sahani zao na bakuli za mchuzi kutoka kila upande wa mji. Bamba lenyewe lilikuwa upana wa dhiraa moja na shubiri, unene wa kidole, kipande cha ubavu wa meli ambacho mumewe alikatiwa na fundi chuma wa Lamu walipooana. Bwana Athmani alikuwa mwashi, mtu wa chokaa, mikono yake myeupe mpaka viwikoni. Kila siku baada ya alasiri akirudi kazini, kabla ya kuoga, alikwenda kwenye bamba. Mke apika, mume asafisha. Ndivyo walivyoafikiana tangu siku ya kwanza. Wanaume wenziwe wakipita ndiani walimpigia kelele, "Bwana Athmani! Kwani wewe ndiye uliyeolewa?" Naye hakuinua kichwa. "Ndiye. Tena kwa mahari mazuri. Wewe ulitolewa nini?"

Nilimtazama akifanya kazi hiyo mara nyingi kuliko nilivyomtazama mtu yeyote akifanya kazi yoyote. Aliacha makaa machache tu chini. Alikwangua mabaki kwa kipande cha kifuu, hakutumia chuma juu ya chuma. Akachukua kumbi la nazi, akalichovya majini, akasugua chuma kingali cha moto, na maji yakiruka kama panzi. Akafuta. Kisha nusu ya kitunguu, akipitisha kila mahali mpaka harufu inakutoa machozi, na mwisho tone la mafuta ya uto, yale ya ufuta yaliyokamuliwa Lamu, akalifuta kwa kitambaa cha kikoi kikuukuu mpaka ungeapa kwamba hakupaka kitu. Nilimwuliza siku moja kwa nini hapaki mengi. Akasema, "Mafuta unayoyaona, hayo ni mengi. Bamba hunyweshwa, halivikwi nguo." Lilikuwa jeusi kama mboni ya jicho. Mkate ukiiva ulijiachia wenyewe, unauteremsha kwa kidole kimoja. Ile ilikuwa kazi ya jioni za miaka ishirini, jioni moja juu ya nyingine, na mimi nililiona bamba jeusi tu.

Bwana Athmani alishikwa na homa, akalala siku tano, akafa. Maji ya kumwoshea yalitiwa moto uani kwenye sufuria kubwa la kuazima, juu ya mafiga yale yale ya mkate kwa sababu hapakuwa na mengine. Lakini bamba liliondolewa. Naapa kwa hili. Tuliliondoa mimi na Zuena, tumefunga mikono matambara, tukaliegemeza ukutani, na likaniangukia kidole cha mguu; ukucha wake mpaka yeo umepinda. Bi Tima akavaa nyeupe, akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, chumba cha ndani, pazia mlangoni, hana udi wala wanja, hatoki uani kwa sababu uani kwetu kulikuwa wazi upande wa ndia, wanaume walipita. Chumba chake kilikuwa na kidirisha kimoja cha juu kilichoelekea kwenye bamba, na kupitia kidirisha hicho ilitoka sauti tu.

Siku ya hitima alikuja Bwana Shee, ndugu yake marehemu, kutoka Kiwayu. Alikaa kwenye kiti nje ya pazia, nasi wasichana tulikuwa ukumbini tukipepeta mtama, tukasikia kila neno.

"Shemegi," akasema, "nyumba hii haina mwanamume sasa."

"Ina Mungu."

"Mungu hamimini mikate."

"Astaghfirullah, Shee! Maiti hata hajapoa."

"Nisamehe, ulimi. Nasema hivi. Vijana wawili wa kike na ndia iko mlangoni, watu watasema. Lakini sikutoi kwako. Ukiweza kuendesha kazi yako mpaka utoke eda, kaeni, nitakuja kukusalimu na samaki. Nikija nikakuta moto umezimika, Zuena nitamchukua. Mke wangu hakujaliwa, atamlea kama wake."

Zuena aliacha kupepeta, ungo uko mikononi.

"Hautazimika," akasema Bi Tima.

Usiku huo kitandani nilimwuliza Zuena Kiwayu kuna nini. "Mtanga," akasema, yaani mchanga. Basi? "Na mtanga mwingine, nyuma ya ule." Akacheka, lakini mguu wake hakunitupia.

Tukaendesha kazi. Nataka kusema hivi kwa sababu watu wa sasa wanadhani mtoto wa miaka kumi na mitatu ni kitu cha kubebwa: tuliendesha, na mkate ulikuwa mzuri. Tulisaga, tukachanganya, mimi namimina, Zuena anahudumia watu na kuwatania. Bi Tima alitufundisha kwa pua yake. Alikaa chini ya kidirisha na alijua kila kitu. "Rehema, moto mwingi upande wa kushoto." "Rehema, huo unga haujalala, wanuka ubichi." "Nani amesahau kitunguu yeo?" Zuena alisema mama yake amegeuka paka. Sauti ikatoka, "Nasikia pia." Jioni nilisafisha bamba kama alivyokuwa akisafisha Bwana Athmani, kifuu, kumbi, kitunguu, tone moja, na Bi Tima hakusema kitu, nami nilijifunza kwamba asiposema kitu ndiyo sifa yenyewe. Mwezi wa kwanza ukapita, na wa pili.

Kisha watu wakaanza kupungua. Kwanza mmoja mmoja, tukadhani wanaumwa. Halafu asubuhi moja tukabakiwa na mikate ishirini, tukaila mchana na usiku, na kesho yake tukabakiwa na zaidi. Nilisikia sababu yake kisimani. Nilikuwa nyuma ya ukuta nikisubiri zamu, na jirani mmoja, Mwana Esha, mwanamke ambaye kanga zake zilikuwa nzuri kuliko maneno yake, alikuwa akizungumza na wenziwe.

"Mimi sisemi kitu. Nauliza tu. Mai ya mayiti yalitiwa moto wapi?"

"Si uani kwao?"

"Uani wapi? Juu ya nini?"

"Usiseme! Lile bamba?"

"Mimi sijasema. Wewe ndiye uliyesema. Lakini tangu siku ile mkate wa pale haupiti hapa," akajishika koo. "Na lilivyo jeusi, ujue kuna nini ndani yake?"

Ningetoka nyuma ya ukuta nikasema tuliliondoa, tazameni ukucha wangu. Sikutoka. Nilikuwa mtoto, nao walikuwa watu wazima, na mimi sikuwa na ulimi kama Zuena. Nilirudi na ndoo tupu. Wala sikumwambia Bi Tima, kwa sababu nilidhani nitamwua kwa aibu, amekaa mle ndani na nyeupe zake halafu asikie mumewe anaitwa uchafu. Nikaamua nitalimaliza jambo mwenyewe.

Chuoni Maalim alikuwa ametusomesha mambo ya najisi. Alitusomesha kwamba chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo, na kikishaoshwa hivyo hakuna wa kukitilia neno. Nililishika hilo. Niliona kwamba nikiliosha bamba mara saba mbele ya macho ya wapitao, Mwana Esha hatakuwa na la kusema. Tena nikaona, kwa akili yangu, kwamba ikiwa mara moja kwa udongo yatosha, mara saba zote kwa udongo ni bora zaidi. Siku hiyo baada ya alasiri Zuena alikuwa amepeleka unga kwa jirani, na Bi Tima alikuwa amelala, kichwa kikimwuma. Nililiburura bamba mpaka ukingoni mwa ndia. Nikaleta mtanga wa pwani, ule mkali wenye vipande vya makombe, kikapu baada ya kikapu. Nikasugua kwa mtanga na maji ya bahari, nikamwaga, nikahesabu moja kwa sauti. Mbili. Watu wawili watatu wakasimama kutazama, nami nikazidisha sauti. Weusi ulitoka vipande vipande kama magamba ya samaki. Kufika saba, ncha za vidole vyangu zilikuwa hazina ngozi, na bamba lilikuwa jeupe kama tumbo la samaki, unajiona uso. Zuena akarudi akasimama na ungo wake kichwani.

"Subhanallah," akasema. "Rehema. Umefanya nini?"

"Nimelitoharisha," nikasema. Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote nikilikumbuka, kwamba nilikuwa na furaha.

Asubuhi bamba lilikuwa na kutu, jekundu kama binzari iliyochomwa, kwa ile chumvi ya bahari niliyoiacha ikaukie juu yake. Tulifuta, tukawasha moto, nikamimina. Mkate wa kwanza ukashika. Nikaukwangua ukatoka matambara. Wa pili, wa tatu. Moshi wa unga uliounguzwa ukajaa uani, na wale wateja wachache waliosalia walisimama na sahani zao wakatazamana. Na kutoka kwenye kidirisha ikatoka sauti, ndogo.

"Bamba limefanywa nini?"

Niliendelea kukwangua.

"Nauliza. Hiyo si harufu ya bamba langu. Hicho ni chuma kitupu. Nani amelisugua?"

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Lakini kabla sijapata neno Zuena alikwisha kusema, "Mimi, Mama. Kwa mtanga. Watu walikuwa wakilisema." Alisema upesi na kwa wepesi, kama anavyojitolea mtu kwenda kuchota maji. Yeye alikuwa binti wa nyumba, angegombezwa jioni akasamehewa asubuhi. Mimi nilikuwa mtoto wa kuletwa, ningerudishwa. Nadhani ndivyo alivyopiga hesabu. Hatukujua, mimi wala yeye, jambo lile litafika wapi. Tukangoja ukelele. Haukuja. Bi Tima akasema, si kwa hasira, akasema kama mtu anayejiambia mwenyewe:

"Umenioshea mume mara ya pili."

Tangu siku ile nimezika mume wangu mwenyewe na watoto wawili, na hakuna neno lililoniingia kama lile.

Siku ya pili akaanza kutufundisha kulirudisha. Kutu ikatolewa kwa kumbi na majivu. Bamba likakaushwa juu ya moto mpaka likabadilika rangi. Shahamu ya mkia wa kondoo ikapitishwa, kisha mafuta ya uto, kisha moto wa mkoko, moshi mpaka uishe wenyewe, lipoe, tuanze tena. Mara tatu kwa siku, na bado mkate ulishika. Mimi kwa uoga wangu nilitia mafuta mengi, likafanya ulimbo, linanata kidoleni, ikabidi tulichome lote na kuanza upya. "Umelivika nguo," ikasema sauti dirishani. "Nimewaambia linywesheni." Kila jioni Zuena aliniambia, "Kesho litashika mafuta," na kila asubuhi uani kulikuwa kweupe, hakuna mtu na sahani. Hatukuwa tukiuza kitu. Mji mdogo, maneno yana miguu, na mashua za Kiwayu zilikuwa zikija na kwenda.

Jioni ya tano Bi Tima aliniita. "Rehema, ndoo kwangu." Nikasimama nje ya pazia. Mkono wake mweupe ukatoka, ukasema nipe wako. Nikampa. Alishika vidole vyangu kimoja kimoja, akazipapasa zile ncha zisizo na ngozi, polepole, kama anavyopapasa mtu nafaka kuona kama ina wadudu. Zuena hakuwa na kidonda hata kimoja. Nilingoja aseme. Aliuachia mkono wangu. "Kesho punguza kuni," akasema. "Moto wenu una pupa."

Bwana Shee alikuja siku ya nane. Alipitia uani, akatazama majivu baridi, akalitazama bamba lenye mabaka mabaka kama ngozi ya mgonjwa, akaingia ukumbini. Nilikuwa jikoni, mikono ndani ya unga niliokuwa nikiukanda bila sababu.

"Shemegi, maneno yetu wayakumbuka?"

"Nayakumbuka."

"Moto umezimika."

"Wa mkate umezimika siku nane. Utawaka. Nipe siku nyingine nane."

"Nami nilikuwa tayari kungoja, wallahi. Lakini nimesikia ndiani kwamba ni kijana mwenyewe aliyeliharibu. Ni kweli?"

Hapo palikuwa mahali pangu. Pazia lile lilikuwa hatua nne kutoka niliposimama. Nilisikia Bi Tima akivuta pumzi, na neno alilolisema nimelisikia kila siku tangu hapo. Hakusema ni Zuena. Alisema, "Zuena amesema ni yeye." Akanyamaza, na kimya kile kilikuwa kikubwa cha kutosha mtu mmoja kuingia. Nikaendelea kukanda unga.

"Basi," akasema Bwana Shee. "Apate wa kumfunza."

Waliondoka maji yalipojaa. Zuena alichukua kitana na ubao, mabua akaniachia kwenye kidaka. Aliingia kwa mama yake, akatoka mato yamemvimba, akanijia mimi uani. Nilijua nina nafasi ya neno moja. Akanitangulia. "Usilisugue tena," akasema. "Mimi sitakuwapo kusema ni mimi." Na akacheka, yule mtu, akacheka kweli.

Siku tatu baadaye mkate ulijiachia. Wa kwanza ukashika kidogo pembeni, wa pili nikausukuma ukateleza wote mzima, na sauti dirishani ikasema, "Limeshika." Siku hiyo hiyo Maalim, aliyekwisha kusikia habari za kuosha mara saba, alikuja mwenyewe na sahani yake, akakaa barazani kwetu mbele ya wapitao, akala mikate minne. Kisha akaniita. "Nani kakwambia mayiti wa Kiislamu ni najisi? Mimi nilikusomesha mbwa. Athmani alikuwa mbwa?" Nikasema hapana, Maalim. "Ungeniuliza," akasema. Watu walirudi. Mwana Esha naye alirudi, akasema mkate wa sasa umezidi wa zamani, nikampa wake. Bi Tima alipotoka eda, jambo la kwanza alikwenda kwenye bamba, akaweka kiganja. "Jeusi," akasema. "Si weusi wake." Wiki hiyo akampelekea Bwana Shee maneno kwamba moto unawaka, mwanawe arudi. Jibu lilikuja na kapu la samaki wakavu: Zuena amekwisha kuposwa, watu wema, na haingefaa kuvunja.

Nimeishi na jambo hilo nikiligeuza huku na huku. Shangazi yangu alijua. Vidole vyangu vilimwambia. Kwa nini alimwacha binti yake aende na mimi akanibakisha? Kuna siku nasema alikuwa amekwisha kumpa Bwana Shee neno lake, na neno halirudi. Kuna siku nasema alikuwa akiningoja mimi niseme, na angengoja mpaka siku ya kiyama kuliko kunisemea. Na kuna siku, hizi za uzeeni, nafikiri alijua tu kwamba kijana mwenye kosa hufanya kazi kushinda kijana asiye na kosa, naye alihitaji mikono. Nilimfanyia kazi miaka sita, mpaka nilipoolewa, na hakupata kunigombeza tena hata siku moja. Hiyo nayo ilikuwa adhabu. Alipozeeka, mkono umekwisha nguvu, alilifunga bamba kwa magunia, akalipeleka Kiwayu kwa Zuena. Mimi nilikuwa nakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Sikuuliza.

Zuena na mimi tulionana arusini na matangani, labda mara kumi katika maisha yote. Kila mara nilikwenda na maneno yangu yamepangwa. "Zuena, siku ile..." Naye akinisukumia sahani, "Kula, mkate wapoa." Nikala. Mwenye kutaka kunyamaza hupata sababu hata kwenye mkate.

Siku ya tatu ya matanga ya Zuena, hitima imekwisha na watu wametawanyika, mke wa mtoto wake alikuwa akisafisha uani. Mtu alikuwa amemwaga mkate wa sukari juu ya bamba ukaungua, na yule msichana alikuja na sabuni ya unga na waya wa kusugulia masufuria. Nilisikia sauti ya kwanza ya waya juu ya chuma nyuma yangu, nikageuka.

"Acha!"

Nikainuka, na kuinuka kwangu si jambo dogo siku hizi, nikamnyang'anya waya, nikaomba kifuu na kumbi. Nikakwangua polepole mahali pa sukari. Chini yake weusi ulikuwa mzima, mzito, wa miaka na miaka. Ulikuwa umeurudia ule wa Bwana Athmani, labda umeupita. Mwanaidi akachutama karibu nami. Nilimwona anacheka na machozi yanamtoka, uso wa mama yake mtupu.

"Mama alitwambia," akasema. "Akija Khaloo Rehema, uficheni mtanga."

Mkono wangu ukasimama.

"Sisi tukimwuliza, Mama, Kiwayu nzima ni mtanga, tuufiche wapi? Alikuwa akicheka mpaka anakaa tini."

"Alianza lini kusema hivyo?"

"Tangu tuko wadogo, Khaloo. Kila akimimina. Mara saba, na vidole vyako, na Maalim na mbwa wake, yote twayajua. Hata hawa wajukuu wanayajua."

Nilitazama. Msichana wa waya alikuwa ameinamisha kichwa, anajizuia kucheka. Basi kitu nilichokifungia sandukuni maisha yangu yote, kule kilikuwa hadithi ya kufurahishia watoto wakingoja mkate. Alikuwa amekwisha kunisamehe mbele ya kisiwa kizima, kabla sijazaa mtoto wa kwanza pengine, na mimi niko Faza nameza maneno yangu na mikate yake. Na yeye sasa amelala kwenye huo mtanga wake, na mwingine nyuma ya ule.

"Ni mimi niliyelisugua," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wanawake waliokuwa wakiosha masinia wakageuka.

"Twajua, Khaloo," akasema Mwanaidi. "Mafuta haya hapa."

Nikayapokea. Nikapitisha kitunguu, nikatia tone moja, nikafuta mpaka bamba likawa kama halikupakwa kitu. Kisha nikaugeuza mkeka, nikakaa nikilielekea, mpaka lilipopoa.